Kazi Iliyofunikwa: Uchambuzi wa Kisa cha Bafu Lililovuja Baada ya Ukarabati

Wiki tatu baada ya familia kurejea katika nyumba yao iliyokarabatiwa, doa la hudhurungi lilijitokeza kwenye dari ya jiko, chini ya bafu la ghorofani. Siku ya kwanza lilikuwa na upana wa kiganja. Kufikia siku ya tano lilikuwa limeenea hadi kwenye taa. Mkandarasi alipoitwa alisema tatizo ni vigae ambavyo mwenye nyumba alivinunua mwenyewe. Fundi vigae alisema ni bomba. Fundi bomba naye alisema mabomba yake hayana neno, na kwamba aliyeweka kizuia maji, yaani utando unaopakwa chini ya vigae ili maji yasipenye, ndiye wa kuulizwa. Kwa kuwa pande zote mbili, mwenye nyumba na mkandarasi, zilikwisha kuchoka kurushiana maneno, ziliniomba niangalie kazi hiyo kama mtu asiye na masilahi kwa yeyote, na yafuatayo ni yale niliyoyaona pamoja na tafsiri yangu.

Nyumba yenyewe ilikuwa na umri wa miongo kadhaa. Kazi iliyokusudiwa ilikuwa kubomoa na kujenga upya bafu la juu, kubadilisha makabati na sinki jikoni, na kupaka rangi vyumba vilivyobaki. Muda uliokubaliwa ulikuwa wiki nane. Kazi ilikabidhiwa wiki ya kumi na tisa. Ucheleweshaji huo ndio uliomuudhi mwenye nyumba kuliko jambo jingine lolote, na barua yake ya malalamiko, yenye kurasa nne, ilitumia kurasa tatu kuuzungumzia. Hata hivyo ninaamini ucheleweshaji ulikuwa dalili tu, na kwamba doa la dari lilianza kuchorwa siku ile makubaliano yalipoandikwa.

Wakandarasi watatu walileta makadirio. Mwenye nyumba alimchagua wa bei ya chini, ambaye alikuwa chini ya yule wa kati kwa takriban robo. Hakuna ubaya kuchagua bei nafuu, lakini nilipoziweka karatasi zote tatu mezani ilionekana wazi kwamba watu hao watatu hawakuwa wakishindania kazi moja. Mkandarasi wa kati alikuwa ameorodhesha kwa mafungu: kubomoa na kuondoa kifusi, mabomba mapya ya maji safi na maji taka, tabaka la saruji lenye mwinamo, kizuia maji mikono miwili (yaani kilichopakwa mara mbili) kilichopandishwa ukutani, jaribio la maji la saa 24 (kujaza maji sakafuni na kuangalia kama yanapungua), kisha vigae. Aliyechaguliwa aliandika mstari mmoja: «Bafu: kubomoa, kusakafia, kuweka vigae na kukamilisha.» Kizuia maji hakimo. Jaribio halimo. Nilipomuuliza, alijibu, na sioni sababu ya kumshuku, kwamba alipaka kizuia maji kwa hiari yake kwa kuwa hakutaka kuacha kazi mbovu, ingawa hakikuwa ndani ya bei. Kwake yeye ulikuwa ni msaada. Jambo linalotolewa kama msaada hupimwa kwa mkono wa mtoaji: alipaka mkono mmoja badala ya miwili, na hakuna aliyekuwa na haki ya kudai wa pili.

Mpango wa malipo nao ulikuwa na kasoro ambayo ni vigumu kuiona siku ya kutia saini. Nusu ya fedha ilitolewa kabla ya kazi kuanza, robo ilipangwa kutolewa «kazi itakapofika katikati», asilimia 15 vigae vikikamilika, na asilimia 10 baada ya makabidhiano. Maneno yenye sumu hapa ni «katikati». Katikati ya kitu gani? Ya siku, ya gharama, au ya uchovu wa mwenye nyumba? Katika wiki ya tatu, baada ya kubomoa kila kitu na kulaza sehemu ya mabomba, mkandarasi aliomba robo yake akisema kazi ngumu imekwisha. Mwenye nyumba, aliyekuwa akitazama chumba kilichojaa vumbi na kuona kweli kazi kubwa imefanyika, alilipa. Kwa hesabu yangu, kazi iliyokuwa imefanyika siku hiyo haikufika theluthi moja ya thamani yote, ilhali asilimia 75 ya fedha ilikuwa imekwisha kutoka.

Kubomoa huonekana ni kazi kubwa kwa sababu kuna kelele na matokeo yake ni ya ghafla, lakini ni sehemu ndogo ya gharama. Sehemu ghali huja mwishoni, tena kimyakimya.

Kuanzia wiki ya nne hadi ya nane, mkandarasi hakuonekana isipokuwa siku chache, na mara nyingi alimwacha kibarua mmoja akichota kifusi. Mwenye nyumba aliita hali hiyo wizi. Mimi siiti hivyo. Wakandarasi wengi wadogo huendesha shughuli zao bila mtaji wa kutosha, kwa hiyo malipo ya awali ya mteja mpya humalizia kazi ya mteja aliyetangulia, na malipo ya mteja atakayefuata yatamalizia kazi ya huyu. Mzunguko huo huenda salama mpaka mteja mmoja achelewe kulipa, na hapo nyumba zote zilizo njiani husimama kwa pamoja. Mkandarasi wetu alikiri kwamba ndivyo ilivyokuwa. Hakukimbia na fedha. Fedha ilikwisha kugeuka vigae na rangi katika nyumba ya mtu mwingine. Kwa mwenye nyumba matokeo yalikuwa yaleyale, lakini tofauti hiyo ina maana kubwa kwa anayetaka kujikinga, kwa sababu kinga yake haimo katika kutafuta mtu mwaminifu zaidi. Mtu mwaminifu asiye na mtaji angefika palepale. Kinga imo katika kutomruhusu mtu yeyote kushika fedha nyingi kuliko kazi aliyokwisha kuifanya pamoja na vifaa vilivyokwisha kufika kwenye eneo la kazi.

Kabla ya kutoweka huko kulitokea jambo jingine. Wiki ya pili, ukuta ulipochimbwa, iligundulika kwamba mabomba ya zamani ya chuma yalikuwa yameliwa na kutu kutoka ndani hadi njia ya maji ikabaki nyembamba kama kalamu. Hakuna ambaye angeweza kulijua hilo kabla ya kubomoa, na kwa nyumba kongwe ni jambo la kutarajiwa kabisa. Ndiyo sababu watu wenye uzoefu hutenga sehemu ya kumi hadi sehemu ya tano ya bajeti kwa ajili ya yasiyoonekana. Mwenye nyumba na mkandarasi walikubaliana kwa mdomo, wakiwa wamesimama kwenye ngazi, kwamba mabomba yabadilishwe hadi kwenye tangi. Mkandarasi alielewa kwamba gharama hiyo ingeongezwa mwishoni. Mwenye nyumba alielewa kwamba imo ndani ya robo aliyoitoa wiki iliyofuata. Wote wawili walinisimulia mazungumzo hayo kwa unyofu, na masimulizi yao yalifanana karibu kila neno isipokuwa mahali hapo. Karatasi yenye mistari mitatu, inayosema kazi gani imeongezwa, kwa bei gani na kwa siku ngapi, ikiwa na saini mbili, ingetosha kuondoa nusu ya ugomvi niliokuja kuukuta.

Sasa nirudi kwenye maji yenyewe, kwa sababu hapa ndipo kisa hiki kina la kufundisha zaidi. Uvujaji unapotokea chini ya bafu, jambo la kwanza ambalo watu hufanya ni kuvunja vigae. Ni kosa, kwani kuvunja huharibu ushahidi kabla haujasomwa. Niliomba kwanza wiki moja ya kutotumia bafu hilo ili dari ikauke, kisha tukapima chanzo kimoja baada ya kingine, tukianza na kile ambacho hakihitaji kulowesha sakafu.

Tulianza na mabomba ya maji safi. Tulifunga koki zote, tukaunganisha kipimo cha mgandamizo, tukapandisha mgandamizo hadi mara moja na nusu ya ule wa kawaida, tukaacha kwa saa kadhaa. Mshale haukusogea. Kwa hiyo fundi bomba alikuwa sahihi kwa sehemu hiyo. Pili, maji taka: tuliingiza mpira moja kwa moja ndani ya tundu la kutolea maji na kumimina ndoo kadhaa bila tone kugusa sakafu. Dari ilibaki kavu siku nzima. Tatu, tuliziba tundu kwa plagi, tukajaza sakafu ya bafu maji ya kina cha sentimita mbili hivi, na kuyatia rangi ili yasichanganywe na maji mengine yoyote. Saa ya tano ilipotimia, ukingo wa doa la zamani ulianza kung'aa, na kufikia jioni matone yalikuwa yakidondoka karibu na taa, yakiwa na rangi ile ile tuliyoitia. Tulipozima umeme wa chumba hicho na kuyaondoa maji, hatukuwa na haja ya kunyunyizia kuta. Lakini tulifanya hivyo siku mbili baadaye ili kukamilisha, na kuta hazikupitisha kitu. Sakafu ndiyo iliyovuja.

Ndipo tukavunja, tena vigae vinne tu kuzunguka tundu. Kizuia maji kilikuwepo, chembamba, lakini kwa upana wa kiganja kuzunguka tundu hakikuwepo kabisa. Kulikuwa na alama za patasi kwenye saruji. Mtu alikuwa amechimba hapo baada ya kizuia maji kupakwa, akaondoa utando pamoja na saruji, kisha akajaza gundi ya vigae na kuendelea.

Fundi vigae hakukana. Maelezo yake yalikuwa ya kweli na ya kusikitisha kidogo. Mpango wa awali ulikuwa wa vigae vidogo vya sentimita 10 kwa 10, na tabaka la saruji likaja kuwekwa kwa mpango huohuo, lenye mwinamo kutoka pande nne kuelekea tundu la katikati, kama sahani. Mwinamo wa namna hiyo, ambao kwa kawaida ni milimita 10 hadi 20 kwa kila mita, unafaa kwa vigae vidogo kwa sababu kila kigae hufuata mpindo kidogo kidogo. Mwenye nyumba, katika wiki zile ambazo mkandarasi hakuonekana, alipata vigae vizuri vya sentimita 60 kwa 60, akavinunua na kuvileta. Kigae kikubwa ni bamba. Hakiwezi kupinda kufuata sahani. Ama kikatwe kwa mshazari kuelekea tundu kama mikunjo ya bahasha, ama tundu lihamishiwe pembeni liwe mfereji mrefu, ili sakafu nzima iiname upande mmoja. Fundi hakutaka kukata vigae vya gharama kiasi kile bila kuambiwa, na hakuwa na mamlaka ya kuhamisha tundu. Alichofanya ni kuvilaza karibu sawa, na ili maji angalau yapate pa kwenda, akachimba kuzunguka tundu ili lishuke. Niliweka pimamaji juu ya sakafu: mwinamo ulikuwa karibu haupo. Maji yalisimama, yakapata muda wa kupenya kwenye mianya, yakafika mahali ambapo hapakuwa na kizuizi.

Watu wengi huamini, na mwenye nyumba huyu aliamini hadi siku ile, kwamba vigae na saruji ya kujazia mianya ndivyo vinavyozuia maji. Sivyo. Mianya ya kawaida hupitisha unyevu. Kazi ya kuzuia hufanywa na utando ulio chini, ambao mteja hauoni tena baada ya siku ya kupakwa.

Kulikuwa na sababu ya tatu, ambayo haikuleta uvujaji wa wakati huo lakini ingeuleta baadaye. Tabaka la saruji lilikuwa na unene wa takriban milimita 50. Kanuni ya kawaida ya mafundi ni kwamba tabaka la namna hiyo hukauka kwa kadiri ya milimita moja kwa siku katika hali nzuri, yaani lilihitaji wiki saba hivi, isipokuwa kama vimetumika vifaa vinavyokauka haraka. Hapa kizuia maji, cha aina inayodai sehemu kavu, kilipakwa siku ya tisa. Katika sehemu moja ya ukingo kilibanduka kwa ukucha. Kwa nini siku ya tisa? Kwa sababu mkandarasi alikuwa amerejea baada ya wiki tano za kutoonekana, na mwenye nyumba, akiwa na haki yote ya kukasirika, alikuwa akimpigia simu mara tatu kwa siku akimtaka amalize. Hasira ile ilielekezwa kwenye hatua pekee ambayo haikupaswa kuharakishwa. Wiki tano zilizopotea wakati sakafu haijamwagwa zilifidiwa kwa kuinyima sakafu muda wake wa kukauka. Laiti saruji ingemwagwa kabla ya mkandarasi kuondoka, kutokuwepo kwake kungekuwa faida.

Basi nani alaumiwe? Pande zote mbili zilitarajia jibu la neno moja, na sikuwa nalo. Mwenye nyumba alibadilisha aina ya vigae bila kuuliza kama mabadiliko hayo yanagusa kitu kilicho chini yake. Mkandarasi hakuwepo wakati vigae vinafika, na aliporejea aliviona vimepangwa ukutani akanyamaza, ingawa yeye peke yake kati ya wote ndiye aliyejua mwinamo ulivyopangwa na pia anajua kigae kikubwa kinavyofanya kazi. Fundi vigae alikata utando na hakumwambia mtu. Kama ningelazimika kupanga uzito, ningeweka mzigo mkubwa zaidi kwa mkandarasi, si kwa sababu ya patasi ambayo hakuishika, bali kwa sababu kazi anayolipwa, zaidi ya gharama za mafundi na vifaa, ni hasa ile ya kusimama kati ya fundi mmoja na mwingine. Fundi bomba anajua bomba na fundi vigae anajua vigae. Makutano ya kazi zao, yaani pale tundu linapopita kwenye utando na utando unapopita chini ya kigae, hayana mwenyewe ila mkandarasi. Akiwa hayupo, mteja amelipa mkandarasi na kupata kundi la mafundi wasiofahamiana.

Niliulizwa kama kasoro hii ingeonekana mapema. Ingeonekana kwa urahisi, na kwa gharama ya plagi moja na maji ya siku moja. Jaribio la saa 24 lingefanywa mara baada ya utando kukauka, na kurudiwa vigae vikishawekwa. La kwanza lingefaulu, la pili lingeshindwa, na hivyo lingemtaja hata aliyesababisha. Malipo ya asilimia 15 yaliyotolewa «vigae vikikamilika» yangefungwa kwenye jaribio la pili, na mwenye nyumba asingekuwa na asilimia 10 tu mkononi siku ya doa. Hapo ndipo ninapotofautiana na ushauri unaosikika mara kwa mara, kwamba mteja asitoe malipo ya awali. Mkandarasi mdogo asiye na mtaji hawezi kuanza bila fedha ya vifaa, na kumnyima ni kumlazimisha akope mahali pengine au anunue vifaa hafifu. Kiasi cha malipo ya kwanza si hoja kubwa sana ikiwa kinalingana na vifaa vinavyoletwa. Hoja ni kwamba kila malipo yanayofuata yafungwe kwenye jambo linaloonekana kwa macho kabla halijafunikwa: mabomba yaliyopimwa kabla ya lipu, nyaya zilizopigwa picha kabla ya ukuta kuzibwa, utando uliojaribiwa kabla ya kigae cha kwanza. Katika kisa hiki hatukuwa hata na picha moja ya sakafu kabla ya vigae. Mwenye nyumba alikuwa na picha nyingi za simu yake, zote za vigae vilivyokamilika.

Wapo wanaokimbilia kujinunulia vifaa wenyewe ili fedha isipite kwa mkandarasi. Njia hiyo inafaa, lakini inahamisha zaidi ya fedha. Anayenunua hubeba pia jukumu la vipimo, idadi, siku ya kufika na kufaa kwa kifaa. Mwenye nyumba wetu alichukua ununuzi akidhani ameacha mengine yote kwa mkandarasi, na mkandarasi alipoona ununuzi umechukuliwa alidhani jukumu la vigae limeondoka kabisa mabegani mwake.

Suluhu iliyofikiwa haikumfurahisha yeyote kikamilifu. Mkandarasi alikubali kubeba gharama yote ya ufundi: kuvunja sakafu ya bafu, kuondoa tabaka la zamani, kuweka mwinamo mpya wa upande mmoja kuelekea mfereji wa pembeni, na kupaka utando mikono miwili uliopandishwa ukutani sentimita 15. Mwenye nyumba alilipia vifaa, ukiwemo mfereji, kwa kuwa angeulipia hata mwanzoni kama angeambiwa vigae vyake vinauhitaji. Gharama ya mabomba ya chuma yaliyobadilishwa waligawana nusu kwa nusu, jambo ambalo ninaona lilimwelemea kidogo mkandarasi, lakini yeye mwenyewe alilipendekeza. Fundi vigae alirudi kufanya kazi bila malipo kwa siku mbili. Asilimia 10 iliyobaki iligawanywa: nusu ikalipwa baada ya jaribio la maji, nusu ikazuiwa kwa miezi sita ya matazamio.

Safari hii saruji ilichanganywa na dawa ya kukausha haraka na ikapewa siku zote zilizoandikwa kwenye mfuko, huku familia ikioga katika bafu dogo la chini na kulalamika kidogo. Jaribio la kwanza lilifanyika mwenye nyumba na mkandarasi wakiwa wamesimama mlangoni. Waliweka alama ya penseli mahali maji yalipofika, wakapiga picha, wakarudi kesho yake saa ileile. Alama na maji vilikuwa pamoja. La pili, baada ya vigae, lilikuwa vivyo hivyo.

Tatizo lililobaki lilikuwa dogo. Vigae vilivyovunjwa vilihitaji mbadala, na vya akiba vilikuwa vimetupwa pamoja na kifusi wiki ya makabidhiano ya kwanza. Vilivyopatikana ni vya aina ileile lakini vilitoka tanuri kwa mkupuo tofauti, na rangi yao imepauka kidogo. Fundi alivipanga vyote upande wa dirisha, ambako mwanga mkali unaficha tofauti hiyo hadi jioni.